Alikuwa Ameshafika Mlangoni

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyokaririshwa tangu meno ya utotoni. Kasuku alilisikia la mkuu. Alilisikia mara mbili kwa siku moja, akalitii mara zote mbili, na kilichovunjika hakikuwa guu.

Jina hilo la Kasuku alibandikwa na Mama Mkubwa, dada yake mama, mwalimu mkuu mstaafu aliyewanyoosha watoto wa mitaa mitatu kwa miaka thelathini na mmoja. Kasuku alikuwa na miaka minne, na kila alichokisikia alikirudia, hasa yale ambayo wageni hawakupaswa kuyajua. Jina likaganda. Alisoma nalo, akaajiriwa nalo, akapanda nalo cheo mpaka akawa mhudumu mkuu kwenye ndege, mwenye sketi ya buluu iliyopigwa pasi hata ikaweza kusimama yenyewe. Hata wenzake kazini walimwita hivyo.

"Si niliwaambia?" Mama Mkubwa alipenda kusema mbele za watu. "Mwenzenu siku hizi ameajiriwa kurudia maneno. Fungeni mikanda, fungeni mikanda. Mimi nilifanya kazi hiyo hiyo darasani na hakuna aliyenivisha beji."

Watu wengi hudhani mhudumu wa ndege ni mtu wa chai na tabasamu. Chai ni ya kupoza safari tu. Kazi yenyewe ni mlango. Kasuku alikuwa na miaka kumi na minne ya kusimamia mlango; alijua uzito wake, alijua mlio wa komeo lake, na alijua kwamba siku mambo yakiharibika, mtu mmoja aliyesimama vibaya pale kizingitini hugeuka kizibo cha chupa. Ndiyo maana kuna utaratibu ambao abiria wengi hawauoni. Kabla ndege haijaondoka, mhudumu huinama kando ya kiti cha kila mtu anayetembea kwa shida na kumnong'oneza: mlango wako ni ule pale, fimbo yako nitaitunza mimi, na ikitokea dharura wewe utakaa pembeni wengine wapite, kisha nitakutoa kwa mikono yangu. Hilo la mwisho ndilo gumu kumeza. Lakini Kasuku alikuwa amewaambia watu kwa mamia, wanaume wenye vyeo, bibi za watu, hata askofu mmoja mwenye goti la bandia, na hakuna aliyemkatalia. Mgeni humkubalia mgeni.

Siku hiyo waliokaa safu ya nne walikuwa mama yake na Mama Mkubwa.

Walikuwa wanakwenda kumtembelea Mjomba, kaka yao mdogo, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akilalamika kwamba amejenga nyumba ya kuangaliwa na majirani tu. Kasuku aliwapatia tiketi zile wanazopewa ndugu wa wafanyakazi, na kwa kuwa walikuwa hawajawahi kupanda ndege hata siku moja, alijipanga kwenye zamu ya ndege hiyo hiyo. Alitaka wamwone akiwa kazini. Huo ndio ukweli wake, na hakuusema kwa mtu yeyote baadaye.

Mama Mkubwa alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti mwaka uliopita. Alitembea kwa fimbo nyeusi ambayo ncha yake ya mpira aliing'oa mwenyewe wiki ya kwanza, ikabaki chuma kitupu, kwa sababu fimbo ya mwalimu mkuu isiyosikika inakuja ni fimbo ya mchungaji. Pale uwanjani waliletewa kiti cha magurudumu. Alikitazama kama mtu aliyeletewa jeneza kwa kipimo chake.

"Mimi sisukumwi kama toroli," akasema, akapanda ngazi ya ndege kwa miguu yake, ngazi moja moja, foleni nzima ikimsubiri nyuma.

Kasuku alimpokea mlangoni, akawakalisha, akawafunga mikanda. Kisha akainama kando ya kiti.

"Mama Mkubwa, kuna utaratibu mdogo hapa. Kuhusu hiyo fimbo."

"Fimbo imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Ni kwamba wakati wa kuruka..."

"Usiiname iname hapo kama umekuja kumwona mgonjwa wodini. Watu wanatazama."

Mama naye akadakia. "Mwache dada yangu apumzike. Tumetoka kukataa kigari pale nje mbele ya kadamnasi, na wewe unamkumbusha."

"Ni maneno machache tu, Mama."

"Kwa hiyo akina mama wote humu ndani umewanong'oneza, au ni sisi washamba peke yetu?" Mama Mkubwa aliuliza kwa sauti ya kufika safu ya kumi. Kijana mmoja akacheka. Mama Mkubwa akamgeukia. "Wewe, mkanda."

Kijana akafunga mkanda. Kasuku akacheka pia. Ungemfanya nini mtu kama yule? Ndiye aliyembeba mgongoni akiwa na surua, ndiye aliyemfundisha kusoma kwa kumchapa na kumpa embe kwa zamu. Ulimi wa kumwambia mtu huyo kwamba siku ya kufa na kupona yeye atasubiri wengine wote watoke kwanza, Kasuku aliutafuta mdomoni mwake akaukosa. Akajinyoosha, akasema, "Haya, wazazi wangu, safari njema," akarudi mbele. Kwenye fomu yake palikuwa na mstari unaouliza kama abiria wa namna hiyo wameelekezwa. Akaweka alama ya vema.

Walikuwa angani kwa dakika hamsini, chai imeshazunguka, simu ya ndani ilipolia. Alikuwa mhudumu wa nyuma, kijana wanayemwita Fundi kwa sababu ndiye pekee aliyejua kuibembeleza birika ya umeme ikikataa kazi.

"Kasuku," alisema, na utulivu wa sauti yake ndio uliomtisha. "Huku kuna kabati linapumua. Juu ya safu ya kumi na tisa."

Alipofika, kabati lilikuwa linapumua kweli. Moshi mweupe ulitoka kwenye ufa wa kifuniko, ukaingia, ukatoka. Mtu alikuwa ameacha pawabenki ya kuchajia simu kwenye begi, nayo ilikuwa imeamua kufa kwa kelele. Fundi alivaa kofia ya kujikingia moshi, akachukua mtungi wa kuzimia moto, akafungua kabati kidogo na kupuliza. Moto ukanyamaza. Dakika mbili baadaye ukaamka tena na hasira zaidi, ukashika mabegi ya jirani. Betri za namna ile ukizizima huwa hazijazimika. Zimevuta pumzi tu.

Kasuku akampigia rubani. Rubani akasema kiwanja cha karibu kipo dakika kumi na moja, kama yote yataenda sawa.

Ukitaka kumjua binadamu, mfungie kwenye chuma kilichoko angani umwonyeshe moshi. Kasuku alikuwa amefundishwa hivyo darasani, lakini darasa halina harufu. Bwana mmoja wa safu ya pili, mwenye tai na kalamu mbili mfukoni, alimshika mkono akauliza kama hili litamchelewesha kwenye mkutano wake wa saa sita. Aliuliza kwa adabu kabisa. Mwanamume mwingine mwenye mabega ya kubeba magunia alikuwa analia bila sauti, machozi yanamfika kidevuni naye hayafuti. Wanafunzi wawili walitoa simu wakaanza kujirekodi. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alivua viatu, akamfunga mwanawe kifuani kwa mtandio, akakaa akiutazama mlango kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Kwa huyo Kasuku alijiambia: huyu atatoka. Wengine walisali, wengine walitukana, wengine walisali na kutukana katika sentensi moja. Kuanzia safu ya kumi na sita watu walianza kusimama na kusukumana kuja mbele, na ndege ikayumba kidogo, na kila mtu akapiga kelele.

Hapo ndipo ilipopaa sauti kutoka safu ya nne.

"Kaeni chini."

Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya miaka thelathini na mmoja. Mama Mkubwa alikuwa amegeuka nusu, kichwa juu ya kiti, fimbo yake imegonga sakafu mara moja tu. "Hakuna anayeshuka hapa angani. Kaeni chini, funikeni pua, msikilizeni mwenye gwaride. Na wewe mwenye simu, unamrekodi nani? Unataka mama yako aone nini?"

Wakakaa. Watu wazima wenye watoto wao, wakakaa. Kasuku aliyekuwa amefungua mdomo kutoa amri ile ile alijikuta anaufunga, na licha ya moshi na yote, akasikia fahari inampanda kifuani. Angeulizwa ni kitu gani kilichomuua mama yake mkubwa, kwanza angetaja moshi, na halafu angetaja fahari ile.

Kwa sababu alikuwa na dakika sita. Alipita kila safu akiwaonyesha watu namna ya kuinama, akiwahamisha wa nyuma kujazia viti vitupu vya mbele, akiwavua akina dada viatu vya visigino. Alipofika safu ya nne akanyoosha mkono kuichukua fimbo. Mkono wake ulikuwa umeshaigusa. Mama Mkubwa akaiminya.

"Nenda kafanye kazi yako," akasema, safari hii kwa upole. "Wanakuhitaji kule. Sisi ni watu wazima."

Mama alimtazama Kasuku kwa jicho lile ambalo watoto wote hulielewa kabla hawajajua kuongea. Kasuku akaiachia fimbo. Sekunde tatu zingetosha. Angeweza kuing'oa, kuitupa chini ya viti, na kusema lile neno moja: utasubiri. Akapita.

Walitua kwa kishindo. Ndege iliposimama rubani akatoa amri ya kutoka, na Kasuku akawa mtu mwingine, au tuseme akawa mikono. Akachungulia nje kupitia kidirisha, hakuna moto. Akafungua mlango wa kushoto, akavuta kishikio, ule mpira mkubwa wa kutelezea ukajijaza upepo ukaning'inia mpaka chini. Mlango wa kulia mpira wake ulijaa nusu ukakunjamana. Mwenzake akausimamia asipite mtu. Nyuma hakukuendeka. Watu wa katikati walipita kwenye milango ya juu ya mabawa. Waliobaki, watu arobaini na mmoja, walikuwa na mlango mmoja, na Kasuku ndiye mwenye mlango. Moshi nao ni abiria. Ukiona mlango umefunguliwa, unaufuata.

Wa safu za mbele wakiwa bado wanavuta mabegi, wa kwanza kufika walikuwa wa safu ya nne. Mama alikuwa amemshika dada yake mkono na kumvuta. "Twende, dada, twende."

Mama Mkubwa alifika kizingitini, akatazama chini. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba chini ni mbali hivyo. Mwanamke aliyekuwa ametoka kunyamazisha ndege nzima akagoma kama punda kwenye maji. Akaikingamisha fimbo mlangoni, upande huu na upande huu, na kuishika kwa mikono yote miwili, ile ncha ya chuma imejibana kwenye mlango, na mama amemkumbatia kiunoni. Nyuma yao bwana mwenye tai alikuwa amebeba begi lake. Nyuma ya bwana mwenye tai alikuwa yule mama mwenye mtoto kifuani. Nyuma yake giza, na ndani ya giza watu wanakohoa.

"Ruka!" Kasuku alipiga kelele, kama alivyofundishwa. "Ruka! Ruka!"

Hawakuruka.

Baadaye wachunguzi walimwambia kwamba ilimchukua sekunde mbili na nusu kuamua. Yeye hakumbuki kuamua. Anakumbuka kumshika Mama Mkubwa kwapani na kumvuta ndani, mbali na mlango, fimbo ikianguka, na kumbana kwenye kona kati ya jiko la ndege na kiti cha wahudumu kinachojikunja ukutani. Anakumbuka mkono wa mama uking'ang'ania shati la dada yake, na vifungo vikiruka. Anakumbuka kiganja chake mwenyewe, kimetua katikati ya mgongo wa mama aliyemzaa, na kusukuma.

Mama akaenda akipiga ukelele, uso umegeukia ndani.

Akapita bwana mwenye tai bila begi, maana Kasuku alilinyakua akalitupa. Akapita mama mwenye mtoto. Wakapita wengine, wawili wawili, na Kasuku anaita, anasukuma, anaita. Ilichukua zaidi ya dakika moja. Pale konani, nusu hatua kutoka kiwikoni kwake, Mama Mkubwa alisimama wima, leso mdomoni, kama alivyosimama miaka yote mbele ya foleni za watoto.

"Bado, Kasuku?" aliuliza mara moja.

"Bado, Mama."

Baadaye kidogo: "Bado?"

"Bado, Mama. Bado kidogo."

Mara ya tatu aliuliza kwa kikohozi tu, na Kasuku akajibu vile vile. Fundi alipotokea kwenye moshi akiwa wa mwisho na kusema nyuma hakuna mtu, Kasuku alimkumbatia mama yake mkubwa kutoka nyuma, akaketi naye kizingitini kama mtu anayempakata mtoto, wakateleza pamoja. Chini kule Mama Mkubwa alikuwa hai. Alidai fimbo yake.

Alikuwa na miaka sabini na mbili, na mapafu yake yalikuwa yamekula chaki nusu ya uhai. Alilazwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili walimzika. Katika watu wote waliokuwemo kwenye ndege ile, rubani na wahudumu na abiria, hakufa mwingine.

Kazini walimwita shujaa, kisha wakamwita ofisini. Kwenye uchunguzi alikuwa amesema mwenyewe, kabla hajaulizwa, kwamba alama ya vema kwenye fomu ilikuwa ya uongo. Bosi wake alikuna kichwa. Akampa barua mbili kwenye bahasha moja: ya pongezi kwa alichofanya mlangoni, ya onyo kwa ambacho hakufanya kwenye safu ya nne. Kasuku aliiweka ya onyo kwenye mkoba wake. Ya pongezi hajui ilikwenda wapi.

Nyumbani, ambako aliishi na mama yake wawili tu, mama aliacha kusema naye. Hakugomba wala hakununa. Alianza tu kuzungumza na vyombo. "Chakula kimebaki, anayetaka ale," aliliambia friji. "Mvua inakuja, mwenye nguo nje azianue," aliiambia pasi. Usiku Kasuku alimsikia upande wa pili wa ukuta akisema na marehemu, na huko alikuwa anaongea vizuri, hata anacheka. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Ya Kasuku hayakungoja kuzaliwa na mtoto; yalihamia nyumbani yakapewa chumba.

Wiki ya sita ikaitwa kikao. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mjomba alikuja kwa gari lake mwenyewe, usiku kucha, muda wa saa kumi barabarani, kwa sababu familia nzima ilikuwa imeapa kutopanda ndege tena. Kaka yake Kasuku alikuja pia, akakaa karibu na mlango akichezea funguo. Televisheni ilizimwa. Sanduku la mama lilikuwa limeshafungwa, limesimamishwa kando ya kochi kama mgeni wa tatu.

"Mimi nimekuja kama msuluhishi," Mjomba alianza. Alikuwa muuza vipuri, mtu wa mizaha, na mizaha ilimtoka hata alipojaribu kuizuia. "Sikuja kama dereva. Ila gari lina mafuta, msije mkasema sikuwaambia. Kasuku, mwanangu. Dada anasema akikaa nyumba hii atakufa kwa kihoro. Anataka aje akae kwangu, na anaweza kuja kwa namna mbili. Anaweza kuja kutembea, akarudi. Au anaweza kuja moja kwa moja. Hilo liko mdomoni mwako."

"Anataka nini, Mjomba?"

"Neno moja."

"Muulize," mama akasema, anamtazama Mjomba, "dada yangu alikuwa wapi alipomwondoa."

"Mama, niko hapa."

"Muulize."

Mjomba akafungua mikono. Kasuku akajibu. "Alikuwa mlangoni."

"Muulize kama mlango ulikuwa umefungwa."

"Ulikuwa wazi, Mama."

"Zilibaki hatua ngapi?"

"Moja."

"Alikuwa ameshafika," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Alikuwa ameshafika, jamani. Mtu ameshafika mlangoni, anarudishwa ndani kwenye moshi, anawekwa konani kama ufagio, mpaka wanapita watu wasiojua hata jina lake." Ndipo, kwa mara ya kwanza kwa wiki sita, akamgeukia mwanawe. "Mimi ulinisukuma. Ulishindwa nini kumsukuma na yeye?"

Hilo ndilo swali. Kasuku alikuwa ameliuliza kuta zote za nyumba ile.

"Fimbo ilikuwa imeuziba mlango. Angeteleza nayo, kile chuma kingeutoboa mpira. Na ule mpira ulikuwa mmoja."

"Ungemnyang'anya."

"Ningemnyang'anya."

"Enhe?"

"Ningetumia sekunde tano. Labda kumi, maana na wewe ulikuwa umemshika. Nyuma yenu walikuwa watu thelathini na tisa, Mama. Labda sekunde kumi hizo zingepatikana, wote wakatoka, na leo angekuwa hapa ananisema. Labda wangepandana pale, wakafa wawili, wakafa ishirini. Sijui. Wachunguzi nao wanasema hawajui."

"Hujui," kaka akasema kutoka kule mlangoni. "Hujui, lakini ulimfanya kafara damu yako. Damu, Kasuku."

"Na yule mtoto kifuani mwa mama yake, alikuwa na maji ya matunda?" Kasuku akamrudishia.

"Taratibu," Mjomba akasema. "Taratibu, nyote wawili. Hapa hatujaja kushindana."

Kasuku akavuta pumzi. Alikuwa amejiandaa kusema jambo na alijua litamkata nani. "Lipo kosa langu. Nalisema mbele yenu. Mtu mwenye fimbo huelekezwa kabla ndege haijaruka. Anaambiwa fimbo itachukuliwa, na anaambiwa atatoka mwisho. Kila mtu namwambia. Yeye sikumwambia. Nilimstahi. Dakika sita kabla ya kutua nikapata nafasi nyingine, nikaishika ile fimbo, nikaiachia. Angelijua hilo, asingekuja mlangoni wa kwanza. Ningekuwa nimeshampanga, nimeshampa kitambaa chenye maji, ameketi chini kwenye hewa. Hilo ni langu. Nililala nalo jana, nitalala nalo leo."

Mama alikuwa ameangalia mikono yake. Kasuku aliona kitu kinapita usoni pake, na akajua ni nini, maana aliyesema mwache dada yangu apumzike hakuwa Kasuku. Akatamani kuyarudisha maneno yote kooni. Hakuwa amekusudia kumgawia mtu.

"Usingemwambia," mama akasema hatimaye, taratibu. "Angekuchapa."

"Angenichapa."

"Mbele ya abiria."

Mjomba akatabasamu, akaona upenyo, akajitosa. "Sasa si hapo hapo? Mtoto amekiri, mzazi amesikia. Imebaki kufunga tu. Kasuku, piga goti, mwambie mama yako, nisamehe kwa kumwondoa dada yako mlangoni. Basi. Sanduku linarudi chumbani, tunakunywa chai, mimi nalala, kesho naondoka."

"Kwa kutomwelekeza nitapiga magoti hata kaburini kwake. Nimeshapiga."

"Hilo tumelisikia. Sema na la mlango."

Kasuku akatikisa kichwa.

"Ni neno tu, mwanangu. Hata kama moyoni una lako. Neno halina mfupa."

"Hili linao, Mjomba."

Mama akainua kichwa. Alimtazama binti yake muda mrefu, macho makavu, kama anayepima kitambaa kabla hajakikata. "Nikuulize la mwisho," akasema. "Ingekuwa mimi. Mimi ndiye mwenye fimbo, mimi ndiye niliyeziba mlango. Ungenifanyaje?"

Kaka aliacha kuchezea funguo. Kasuku alikiona kiganja chake, kile cha kulia, kimelala juu ya paja. Alijua jibu ambalo lingelirudisha sanduku chumbani. Alikuwa nalo mdomoni, jepesi, tamu, na mama yake pia alikuwa anamsubiri alitoe, pengine hata angejifanya kuliamini.

"Ningekutoa kando, Mama," akasema. "Ningekuweka kwenye kona ile ile, na ningekujibu bado."

Mama akainuka. Akashika mpini wa sanduku. Mjomba naye akainuka nusu, hajui amwendee nani.

"Mtoto wewe," akasema, mzaha wote umemwisha, "mama yako anaondoka. Unamwona anaondoka. Hata samahani ya mdomoni?"

"Namwona," Kasuku akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ule mlango nitaulilia mpaka nizeeke. Lakini siuombei radhi. Si leo, Mjomba, wala mwakani. Siombi."